Kazi za kujitolea zisizobandikwa kwenye ubao: namna ya kuzipata mtaani kwako

Mwambie mtu yeyote kwamba unataka kujitolea, atakutajia mambo matatu: usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kupeleka sabuni na unga kwenye kituo cha watoto yatima, na kutoa damu ndugu akilazwa. Yote ni mema. Lakini kazi zinazokwama hasa mtaani hazina bango wala fulana, na mara nyingi anayezihitaji hajui kwamba yupo mtu angekubali kuzifanya bure. Mwongozo huu ni wa kuzitafuta hizo. Nimeuandika nikiifikiria Tanzania, zaidi mijini. Msomaji wa Kenya ataweka ofisi ya chifu pale ninaposema ofisi ya kata, na aliye ughaibuni ana sehemu yake huko chini.

1. Andika ulicho nacho

Chukua karatasi uandike mambo matatu: una saa ngapi kwa wiki ambazo ni zako kweli, ukishatoa foleni, ibada na nguo za kufua, unajua kufanya nini ambacho wengine hulipia, na una kifaa gani. Cherehani, pikipiki, kompyuta, printa, hata ngazi ndefu. Ngazi si mzaha. Shule nyingi zina tangi la maji ya mvua ambalo halijai kwa sababu bomba la kwenye paa limeng'oka na hakuna wa kulifikia.

Kwenye saa, kuwa mchoyo. Saa mbili kila Jumatano ambazo hazitikisiki zinamfaa mwalimu au muuguzi kuliko Jumamosi nzima ya mtu anayeonekana akipenda.

2. Sikiliza viporo kabla ya kuuliza

Kila ofisi ina kazi kiporo, na watu huzitaja wenyewe bila kuulizwa. Kinachotakiwa ni uwepo pale zinapotajwa.

Anza na mkutano wa hadhara wa mtaa au kijiji. Kijijini, sheria inataka mkutano mkuu ufanyike angalau kila miezi mitatu. Watu wengi huondoka mapema, na hapo ndipo wanapokosea, maana ajenda ya mwisho, "mengineyo", ndiyo yenye nyama. Hapo ndipo mama mmoja atasimama kusema watoto wanagongwa kwenye kivuko cha shule, na mzee atalalamika kwamba mtaro umezibwa tangu vuli. Kaa mpaka mwisho, na uwe na kalamu.

Kisha sikiliza matangazo baada ya sala ya Ijumaa au kabla ya baraka za mwisho kanisani, soma makaratasi yaliyobandikwa ofisi ya kata, na usipuuze kundi la WhatsApp la mtaa hata kama limejaa salamu za asubuhi zenye maua. Tega sikio kwa sentensi moja tu: "Tatizo hatuna mtu wa..." Kinachofuata baada ya hapo ndicho unachokitafuta.

Misiba nayo hufundisha. Usione vyaelea, vimeundwa: aliyekodi maturubai, anayeandika michango, anayejua makaburi yako wapi na yanachimbwa na nani, mara nyingi ni mtu mmoja yule yule kwa miaka, na amechoka. Mfuate wiki moja baadaye, ukamuulize kama anahitaji wa kumsaidia daftari.

3. Muulize anayebeba mzigo, na umuulize vizuri

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Swali la "naomba kujitolea, naweza kusaidia nini?" linampa mwenzako kazi ya pili: aanze kukufikiria wewe. Atajibu "acha namba yako", na namba yako itakaa kwenye droo. Zaidi ya hapo, siku hizi kwetu kujitolea kumechukua sura ya mhitimu anayefanya kazi bila mshahara akisubiri ajira, kwa hiyo unapolitaja neno hilo mlangoni, wa kwanza kukupokea anaweza kudhani umekuja na vyeti.

Sema hivi: "Shikamoo mama. Ninakaa mtaa wa nyuma hapa, sitafuti kazi. Nina saa mbili kila Jumatano mchana na ninajua kompyuta. Kuna kazi gani hapa ambayo kila mwezi inabaki kiporo kwa sababu hakuna mtu?" Kisha nyamaza. Umetaja unakokaa, umeondoa shaka ya ajira, umetaja siku na ujuzi. Anachotakiwa kufanya ni kuangalia meza yake tu.

Nani wa kuulizwa? Si bosi. Mganga mfawidhi atakueleza mipango, lakini anayejua viporo yuko dirishani.

*Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali.* Hii ndiyo ningeiweka ya kwanza. Katika hospitali zetu ndugu ndiye anayefua, anayeleta uji, anayekimbia kununua dawa iliyokosekana. Mgonjwa aliyeokotwa barabarani, au aliyetoka mkoani peke yake, hana huyo. Afisa ustawi anawajua wagonjwa wote wasio na ndugu, na huwa hana mikono ya kutosha. Kazi zenyewe ni ndogo mno kutangazwa: kumnyoa mzee ndevu, kumpigia simu shangazi aliyeko Kigoma mpaka apatikane, kukaa naye saa ya kuona wagonjwa wakati vitanda vya jirani vimejaa wageni. Utakwenda kwa ruhusa ya afisa, si kwa kujipenyeza wodini, na hutapiga picha. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipitishwe, hilo la picha si suala la adabu peke yake.

*Dirisha la wazee hospitalini.* Mzee anaweza kuwa na haki ya matibabu bila malipo akashindwa kuitumia kwa kukosa kitambulisho, au mtu wa kumpandisha daladala. Waulize mjumbe au balozi wa nyumba kumi nani katika eneo lao hajawahi kusindikizwa. Wazee hao hao wana shida ya simu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" bado unawaliza watu kila siku. Saa moja ya kukaa na bibi kibarazani, mkafungua pamoja ujumbe halisi wa muamala na wa kitapeli mkalinganisha, ni kazi ya maana kuliko inavyoonekana. Sharti ni moja: namba yake ya siri usiijue kamwe. Akiitaja kwa sauti, mfundishe kuibadilisha, na wewe geukia pembeni wakati anaiingiza.

*Shule.* Kwa shule ya msingi muone mwalimu mkuu, kisha muombe akukutanishe na mwalimu wa taaluma au mtunza stoo. Madawati yaliyovunjika mguu mmoja yamerundikwa nyuma ya darasa. Vitabu vimo ndani ya maboksi kwa sababu hakuna aliyevipanga. Kama unataka kuwasaidia watoto wa darasa la tatu ambao KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) haijakaa sawa, kubali kufanya hivyo darasani na mwalimu akiwepo, milango wazi.

*Msikiti na kanisa.* Wengi hufikiria kuchanga. Waulize kina mama wa msikitini nani anajua kuosha na kukafini maiti ya mwanamke. Sehemu nyingi utatajiwa bibi wawili watatu, basi. Mwanamke mwenye umri wa miaka 30 anayekubali kufundishwa kazi hiyo amechukua mzigo ambao hakuna tangazo lingewahi kuutaja. Kwenye jumuiya ndogondogo za Wakatoliki kazi kama hiyo ni ya kutembelea wagonjwa wa nyumbani, ile zamu ambayo kila mtu huisifu na wachache huishika.

4. Uwe katibu wa watu wasio na katibu

Kama unaandika vizuri na una kompyuta, soma hapa kwa makini, maana sijui kazi nyingine yenye matokeo makubwa kwa saa chache kiasi hiki.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea 2024 kwa utaratibu mpya. Kina mama lishe wanaopika pamoja kila siku wanajuana, wanaaminiana na wanacheza mchezo wa pesa bila tatizo. Kinachowakwamisha ni karatasi: kikundi kinatakiwa kisajiliwe, na ili kisajiliwe kinatakiwa kiwe na katiba, muhtasari wa kikao na orodha ya wanachama yenye sahihi. Ukifika kwenye mkopo kuna andiko la mradi, na maombi yenyewe siku hizi hupita kwenye mfumo wa mtandaoni, wakati nusu ya wanachama wana simu za kitochi.

Kaa nao jioni moja wakishamaliza kuosha sufuria. Usiwape katiba uliyoipakua, kwa sababu afisa maendeleo ya jamii wa kata ameshaiona hiyo hiyo mara nyingi na ataitambua kwa makosa yake ya chapa. Waulize, andika wanavyojibu. Mtu akitaka kuingia anatoa kiingilio kiasi gani? Asipokuja vikao vitatu mfululizo inakuwaje? Akifariki, hisa zake ni za nani? Nani anashika sanduku, nani anashika funguo? Hapo kwenye funguo kutakuwa na ubishi, na ubishi huo ndio katiba yenyewe. Mwisho uliza swali wasilopenda: kikundi kikivunjika, kilichobaki kinagawanywaje? Kipengele hiki husahaulika, na ndicho chanzo cha kesi nyingi zinazoishia kwa mwenyekiti wa mtaa.

Kisha soma rasimu kwa sauti mbele yao wote. Atakayesema "hapana, hivyo sivyo tulivyosema" ndiye katibu wao wa kesho. Mfundishe yeye kuandika muhtasari wa kikao kijacho, wewe ukae pembeni. Usishike sahihi ya benki, usipokee fedha, na usikubali kuwekwa mwanachama ili kujaza idadi.

5. Kama huwezi kutoka nyumbani

Mama mwenye mtoto mchanga, mtu anayeuguza, mlinzi wa zamu ya usiku mwenye simu na bando: zipo kazi.

Ramani. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliichora kata yao kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo yeyote anaweza kuihariri. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukaendeleza kazi hiyo katika kata zinazokumbwa na mafuriko, mitaro ikiwemo. Mradi wa Crowd2Map nao huchora vijiji vya Tanzania ili, pamoja na mengine, wasichana wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa. Mtu aliyeko Ulaya anaweza kuchora paa kutoka kwenye picha ya setilaiti, lakini hajui kama paa hilo ni zahanati au kilabu cha pombe. Wewe unajua. Pakua StreetComplete, programu ya kujazia ramani hiyo ya OpenStreetMap, kwenye simu ya Android, tembea mtaani kwako, jibu maswali inayokuuliza.

Sauti. Mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti za Kiswahili ziwe huru kutumiwa na yeyote anayetengeneza programu za kusikia na kusema. Unasoma sentensi, au unasikiliza za wenzako na kuthibitisha. Hiyo ya kuthibitisha ndiyo ningekushauri, kwa sababu wengi hupenda kurekodi kuliko kusikiliza. Na kama Kiswahili chako ni cha Pemba, Lamu au Lubumbashi, basi rekodi pia. Mashine zisije zikadhani wote tunatoka Kariakoo.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina makala nyingi za kata za Tanzania zenye mistari miwili mitatu tu. Fungua ya kata yako uone. Kuweka takwimu za Sensa ya 2022 na kurekebisha jina la shule lililokosewa ni kazi ya nusu saa.

6. Kwa aliye ughaibuni

Familia za Wakongo wanaozungumza Kiswahili zimehamishiwa miji mingi ya Marekani, na jambo la kwanza watu hufikiria ni ukalimani wa hospitali. Huko uwe mwangalifu. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinapaswa kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo, na huyo amefundishwa. Ukiingia wewe, unaweza kuwa umewasaidia kukwepa wajibu wao. Mwambie mgonjwa haki yake, kisha fanya yale yasiyo na mtu: kusoma rundo la barua za shule zilizokaa juu ya friji, kupanda basi pamoja mara ya kwanza, kufanya mazoezi ya maswali ya leseni ya udereva. Kwa anayependa kutafsiri akiwa nyumbani, shirika la Translators without Borders hutumia watu wa kujitolea, na wakati wa Ebola ya mashariki mwa Kongo mwaka 2018 hadi 2020 walihitaji Kiswahili cha huko huko, si cha vitabuni.

7. Kazi zinazotaka ufundishwe kwanza

Baadhi hazipokei mtu mbichi, na ni vizuri hivyo. Msaidizi wa kisheria anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Anapata mafunzo na kusajiliwa, hutoa ushauri na elimu, lakini hamwakilishi mtu mahakamani. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na mtaa wa mabondeni wenye watu watano wanaoijua ni mtaa tofauti kabisa masika yakiingia. Lugha ya alama huchukua miaka, kwa hiyo anza kwa kuwauliza viziwi wa eneo lako, kupitia CHAVITA (Chama cha Viziwi Tanzania), ni wapi wanakwama. Kwa wasioona, vyuo na shule zenye wanafunzi wa nukta nundu huhitaji wasomaji wa kurekodi vitabu vya kiada.

Ukanda wa pwani una kazi za subira: shirika la Sea Sense hufanya kazi na wanavijiji wanaolinda viota vya kasa, ambavyo huchukua takriban miezi miwili hadi vifaranga watoke. Shirika la Nipe Fagio, kwenye usafi wao, huchambua taka na kuzihesabu kwa chapa ya kampuni iliyozitengeneza. Chagua kuhesabu. Wabebaji wa magunia huwa wengi, lakini anayeandika bila kuchoka hutafutwa kwa tochi.

Na damu, kwa kuwa niliigusa mwanzo. Ukiwa na miaka 18 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi, na afya njema, mwanamume anaweza kutoa kila miezi mitatu na mwanamke kila minne. Lakini kazi isiyotangazwa hapo ni ya kuratibu: kukusanya majina kwenye kiwanda, chuo au msikiti, kisha kuwaalika Mpango wa Taifa wa Damu Salama waje na vifaa vyao. Panga wakati shule zimefungwa, maana wanafunzi ni wachangiaji wakubwa na wakiwa likizo akiba hushuka.

8. Chuja

Kituo cha watoto kinachokukabidhi watoto dakika kumi baada ya kukuona hakiwalindi dhidi ya yeyote. Sheria ya Mtoto ya 2009 inavitaka vituo hivyo viwe na leseni. Omba kuiona, na uulize ni watoto wangapi wana ndugu walio hai. Kama unataka kweli kumsaidia mtoto aliyetenganishwa na familia, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ukaulize kuhusu familia zinazoandaliwa kumpokea mtoto kwa muda wa dharura. Ni kazi ngumu, ina mafunzo na ukaguzi, na haipigwi picha.

Ogopa pia anayekutoza ada ili ujitolee bila kukuonyesha ada hiyo inanunua nini. Na kama kazi yako inamwingizia mtu faida, kwa mfano kuhudumia wateja wa duka lake ukiambiwa unapata uzoefu, hiyo ni ajira isiyolipwa. Mwachie.

9. Patana, kisha weka mtu wa pili

Hata kwa mdomo, kubalianeni mambo manne: siku na saa, nani anakuelekeza, nauli ni ya nani, na utafanya mpaka lini. Sema miezi mitatu. Watu huona aibu kutaja mwisho, halafu wanaanza kukwepa simu.

Mwezi wa pili, siyo wa mwisho, mlete mtu mwingine mfanye naye. Daftari liwe lile lile, lenye tarehe na maelezo anayoyaelewa mgeni. Nywila ya mfumo ibaki kwa katibu wa kikundi au kwa ofisi, iandikwe kwenye kitabu chao, wala isiwe kwenye simu yako.